Kusuka upya elimu ya ufundi stadi katika nchi ndogo: mwongozo wa hatua kwa hatua

Jumuiya ya Madola huhesabu kuwa ndogo nchi yenye watu wasiozidi milioni 1.5, kisha huongeza chache zilizo kubwa kidogo lakini zenye shida zilezile, kama Jamaika, Lesotho, Namibia na Botswana. Kwa hesabu hiyo, wanachama wake 33 kati ya 56 ni nchi ndogo. Mwongozo huu ni kwa mtu aliyekabidhiwa kazi ya kusuka upya elimu ya ufundi katika nchi ya namna hiyo: ofisa wa wizara, mkuu wa chuo, mjumbe wa kikosi kazi, au mwajiri aliyeitwa kwenye kamati na sasa anatakiwa kutoa maoni.

Wengi huanza na majengo, mashine na mtaala mpya. Mimi naanza na idadi. Katika nchi ndogo soko la mafundi hujaa upesi na hukauka upesi. Hoteli kubwa moja ikifunguliwa, mafundi viyoyozi wote wanaajiriwa ndani ya mwezi. Mradi wa bandari ukiisha, wachomeleaji kibao wanabaki mtaani. Mfumo usioweza kufungua kozi na kuifunga kwa wepesi utazalisha vijana wasio na kazi hata kama unafundisha vizuri.

Hatua ya kwanza: hesabu mafundi, fani kwa fani

Usisubiri utafiti mkubwa wa nguvu kazi. Tafiti hizo huchukua sampuli ya kaya, na katika nchi ndogo sampuli hiyo inaweza kukupa mafundi majokofu watatu tu, ambao hawatoshi kukuambia lolote. Uzuri wa udogo ni kwamba unaweza kuhesabu kila mmoja. Chukua leseni za mafundi umeme, orodha za wanachama wa bima ya jamii, orodha za waajiri wakubwa, kisha tuma watu wazunguke gereji na karakana zisizosajiliwa. Kwa fani 15 au 20 muhimu, kazi hiyo ni ya miezi michache.

Ukishapata idadi, fanya hesabu hii. Tuseme nchi ina mafundi umeme 400 wanaofanya kazi, na kila mmoja hukaa kwenye fani miaka 25 hivi. Kila mwaka 16 watastaafu au kuacha. Kazi za umeme zikikua kwa asilimia 3, wanahitajika 12 zaidi. Asilimia 2 wakihamia nje, ongeza 8. Jumla ni 36 kwa mwaka. Sasa angalia vyuo: ikiwa kuna vyuo vitatu na kila kimoja kinatoa wahitimu 20 wa umeme, una 60 kila mwaka, yaani 24 wasio na pa kwenda. Baada ya miaka mitano wamekuwa 120, zaidi ya robo ya mafundi wote mlioanza nao.

Rudia kwa fani ndogo. Mafundi majokofu 60, kwa viwango hivyohivyo, wanahitaji kuongezewa watano au sita tu kwa mwaka. Kufungua darasa kila mwaka kwa watu sita ni gharama isiyo na sababu. Darasa la watu 16 kila baada ya miaka mitatu linatosha.

Hesabu hizi ni za mkono na zina makosa yake, lakini ni bora kuliko modeli ya kompyuta iliyonunuliwa kwa mshauri mwelekezi. Estonia, yenye watu wapatao milioni 1.3, ilijenga mfumo unaoitwa OSKA ambao huchukua sekta chache kwa wakati, huunganisha takwimu na mahojiano, kisha huwaketisha pamoja waajiri, vyuo na maofisa wa serikali wakubaliane kuhusu ujuzi unaohitajika. Mzunguko ukikamilika, unaanza upya. Mbinu hiyo inafaa nchi ndogo kwa sababu waajiri wa sekta nzima wanaweza kuingia kwenye chumba kimoja.

Angalizo moja: waajiri watakuambia wanahitaji mafundi zaidi hata pale wasipohitaji. Fundi wakiwa wengi, ujira unashuka. Kwa hiyo usiulize "mnahitaji wangapi?" Uliza nafasi ngapi zilitangazwa mwaka jana, zilikaa wazi muda gani, na aliyepatikana alilipwa nini. Ikiwa nafasi zilijazwa ndani ya wiki moja na ujira haujapanda, hakuna upungufu, hata kama mwenyekiti wa chama cha waajiri anapiga meza.

Hatua ya pili: mamlaka moja, si tano

Kawaida utakuta wizara ya elimu ina vyuo vyake, wizara ya kazi ina vyake, ya vijana ina vituo vyake, ya kilimo na ya utalii nazo zina shule zao. Kisha huundwa mamlaka ya mafunzo, mamlaka ya ithibati, baraza la mitihani na mfuko wa tozo inayokatwa kwa waajiri kugharimia mafunzo, kila kimoja na mkurugenzi, dereva na bodi. Nchi ya watu laki tano haina wataalamu wa kujaza viti hivyo vyote. Matokeo yake ni watu walewale sita kuketi kwenye bodi zote, wakijiandikia barua wenyewe kwa wenyewe.

Pendekezo langu ni chombo kimoja chenye idara mbili zilizotenganishwa kwa sheria: moja inafundisha na kugharimia, nyingine inapima na kutoa vyeti. Mkuu wa idara ya upimaji aripoti moja kwa moja kwenye bodi, si kwa mkurugenzi wa vyuo. Bodi yenyewe iwe na nusu ya viti kwa waajiri na wafanyakazi, na angalau viti viwili vya mafundi wenye karakana ndogo. Wasipowekwa hao, meneja rasilimali watu wa kampuni kubwa ndiye atakayesema kwa niaba ya sekta nzima.

Kwa upande wa vyuo, Malta ni mfano mzuri. Mwaka 2001 ilianzisha MCAST, chuo kimoja cha kitaifa chenye taasisi ndani yake kwa ajili ya fani mbalimbali, na tawi katika kisiwa cha Gozo. Chuo kimoja kina stoo moja ya vifaa na orodha moja ya wakufunzi, na mkuu wake anaweza kuhamisha darasa kutoka tawi hadi tawi bila kuomba kibali cha wizara tatu.

Hatua ya tatu: azima viwango, usiviandike

Hapa ndipo fedha nyingi za wafadhili hupotelea. Kuandika viwango vya umahiri, yaani maelezo ya kazi ambazo fundi lazima aweze kuzifanya, kwa fani moja kunahitaji warsha kadhaa za wataalamu, uhariri na majaribio. Zidisha kwa fani 60, kisha kumbuka kwamba baada ya miaka mitano vimepitwa na wakati. Nchi kubwa humudu kwa sababu gharama hiyo inagawanywa kwa maelfu ya wanafunzi. Wewe una 16.

Chukua viwango vya jirani au vya kanda, virekebishe pale panapobidi tu: kanuni za umeme za nchi yako, lugha, aina ya vifaa vya ujenzi vinavyopatikana. Nchi za Karibi zilifanya hivyo kwa pamoja kupitia CARICOM, jumuiya yao ya kikanda. Cheti cha ufundi cha Karibi, kinachojulikana kama CVQ, kinafuata viwango vya pamoja, na fundi aliyekipata kwenye kisiwa kimoja anaeleweka kwenye kingine. Kwa nchi zilizotawanyika kote duniani, Chuo Kikuu Mtandao cha Nchi Ndogo za Jumuiya ya Madola kilizindua mwaka 2010 mfumo wa kulinganisha vyeti na sifa za kitaaluma kati ya nchi na nchi. Hauchukui nafasi ya mfumo wa taifa, bali unafanya kazi ya mkalimani kati ya mifumo.

Ziko fani ambazo hata kufundisha nyumbani hakuna maana. Liechtenstein, yenye watu wapatao 40,000, huwafundisha wanagenzi wake, yaani vijana wanaojifunza ufundi kwa mkataba na mwajiri, kazini ndani ya nchi, lakini siku za darasani huvuka mpaka kwenda shule za ufundi za Uswisi. Luxembourg nayo ina uanagenzi wa kuvuka mpaka: kazi hufanyika kwenye kampuni ya Luxembourg, masomo ya nadharia huchukuliwa nchi jirani. Hakuna anayeona aibu. Ikiwa unahitaji mafundi lifti wawili kila baada ya miaka minne, mpango sahihi ni ufadhili wa masomo nje na mkataba wa kurudi.

Hatua ya nne: panga kozi kwa mzunguko, na zipanue

Gawa fani zako katika makundi matatu. La kwanza ni zile zinazohitaji darasa kila mwaka: umeme wa majumbani, bomba, ujenzi, upishi. La pili ni za kupokezana: zinafunguliwa mwaka mmoja, zinapumzika miwili. La tatu ni za nje. Tangaza ratiba ya miaka sita kwa wazazi na vijana, ili anayetaka majokofu ajue dirisha linafunguka lini na afanye nini wakati anasubiri.

Halafu punguza wingi wa fani kwa kuzifanya pana. Kwenye kiwanda cha watu elfu, mtu mmoja anaweza kushughulika na mota pekee. Kwenye hoteli ya vyumba 40, fundi mmoja ndiye mwenye swichi, pampu, mabomba, viyoyozi na mlango unaogoma. Kwa hiyo mwaka wa kwanza uwe wa msingi mpana, kwa mfano "matengenezo ya majengo", na umahususi uje baadaye kwa moduli fupi za wiki sita hadi kumi na mbili. Moduli ndizo zinazokuwezesha kufunga na kufungua bila kumfukuza mtu kazi. Pia zinamfaa fundi aliyeko kazini anayetaka kuongeza umeme wa jua bila kuacha kipato.

Hatua ya tano: wakufunzi

Kama una fedha za jambo moja tu, ziweke hapa. Katika nchi ndogo fani nyingi zina mkufunzi mmoja au wawili. Mmoja akipata kazi kwenye meli au kwenye hoteli ya kifahari, fani imekufa, na mashine zilizogharimu mamilioni zinafunikwa turubai.

Weka kanuni kwamba hakuna fani inayofunguliwa bila watu wawili wanaoweza kuifundisha, na angalau mmoja wao awe fundi anayefanya kazi sokoni na kuja chuoni siku mbili kwa wiki kwa malipo ya saa. Sheria za utumishi wa umma mara nyingi zinakataza hili kwa sababu fundi huyo hana shahada. Zibadilishe mapema, kabla ya kitu kingine chochote. Fundi mwenye miaka 20 kazini, akipewa wiki kadhaa za mbinu za kufundisha, mara nyingi humzidi mhitimu wa chuo kikuu ambaye hajawahi kudaiwa kazi na mteja.

Kwa wakufunzi wa kudumu, kila baada ya miaka mitatu warudi kazini kwa miezi miwili au mitatu wakiwa na mshahara wao. Panga zamu hizo ziangukie mwaka ambao fani yao imepumzika kwenye mzunguko. Hapo ndipo hatua ya nne inapolipa.

Mishahara ni mwiba. Huwezi kushindana na sekta ya mafuta wala meli za watalii. Ruhusu karakana za chuo zipokee kazi za kulipwa, na mkufunzi apate sehemu ya faida kwa utaratibu ulioandikwa. Mafundi wa jirani watalalamika kuwa chuo kinawapora wateja kwa bei ya ruzuku, na watakuwa na haki. Kwa hiyo chuo kichukue kazi ambazo soko la ndani halifanyi, au kitoze bei ileile ya soko.

Hatua ya sita: uanagenzi katika karakana za watu watatu

Kila ujumbe wa wizara hurudi kutoka Ujerumani na hamu ya kuanzisha mfumo wa kule, ambako kijana husoma siku moja au mbili na kufanya kazi kwenye kampuni siku zilizobaki. Mfumo huo unasimama juu ya kampuni zenye wakufunzi wa ndani na vyama vya biashara vyenye nguvu za kisheria. Nchi ndogo ina gereji ya baba na vijana wawili.

Mfano unaofaa zaidi ni wa Norwei. Tangu mageuzi ya mwaka 1994, kijana husoma shuleni miaka miwili kisha huwa mwanagenzi miaka miwili. Kampuni ndogo huungana na kuunda ofisi ya mafunzo wanayoimiliki pamoja. Ofisi hiyo inashughulikia mikataba, inafuatilia mafunzo, na inaweza kumhamisha mwanagenzi pale kampuni moja isipoweza kumpa kazi za kila aina. Kwa nchi ndogo, ofisi moja yenye watu watatu wenye pikipiki inaweza kuhudumia wanagenzi mia mbili.

Mkataba uwe wa ukurasa mmoja, wenye mambo ya msingi: orodha ya kazi ambazo mwanagenzi lazima azifanye kwa mikono yake, posho na nani anailipa, bima ya ajali, saa za kazi, na siku za darasani. Mwanagenzi awe na daftari la kazi linalosainiwa kila wiki. Fundi mkuu alipwe kidogo kwa kila kipengele kilichokamilika, si kwa kila mwezi unaopita. Ukimlipa kwa mwezi, kijana atafagia karakana miaka miwili.

Na waliokwisha kujifunza mtaani? Nchi nyingi zina mafundi wengi wasio na karatasi yoyote. Urasimishaji wa ujuzi wao ndiyo njia rahisi kuliko zote ya kuongeza idadi ya mafundi wenye vyeti: mtu anapimwa kwa vitendo, anapewa cheti cha anachokijua, na anafundishwa kilichopungua tu. Anza na fani zinazogusa usalama wa watu, yaani umeme na gesi.

Hatua ya saba: upimaji pale ambapo kila mtu anamjua mwenzake

Mtahini ni shemeji wa mwalimu, na mtahiniwa ni mtoto wa jirani. Hata kama hakuna anayeiba mtihani, hakuna anayethubutu kumfelisha mtu. Waajiri wanalijua hilo, ndiyo maana wanaangalia ukoo badala ya cheti.

Njia za kulikabili zipo. Badilishaneni watahini na nchi jirani, hata kwa fani tano tu kwa mwaka. Mtihani uwe kazi kamili inayoonekana: ubao wa umeme uliounganishwa, bomba lililojaribiwa kwa shinikizo. Picha na video za kazi hiyo zitunzwe, na sampuli yake ipitiwe na mtu wa nje asiyejua majina. Kwa fani chache zinazolenga ajira za nje, lipia cheti cha taasisi ya kimataifa kama City & Guilds ya London, lakini si kwa fani zote, maana ada zake zitakula bajeti ya malighafi.

Na usimdanganye kijana kwamba cheti cha kimataifa ni viza. Australia ilianzisha mwaka 2007 chuo cha ufundi kwa ajili ya visiwa vya Pasifiki, kinachotoa sifa za Kiaustralia. Wahitimu waliohamia Australia wakawa wachache kuliko ilivyotarajiwa. Ikiwa uhamiaji ni sehemu ya mpango wako, jadili na nchi inayopokea masharti ya leseni, viza, na mchango wake katika gharama za kufundisha. Jadili kabla ya kufungua darasa.

Hatua ya nane: fedha

Tozo ya mafunzo kwa waajiri ni ya kawaida. Jamaika ilianzisha HEART, shirika lake la mafunzo ya ufundi, mwaka 1982, na waajiri waliovuka kiwango fulani cha mishahara hulipa asilimia 3 ya jumla ya mishahara yao. Katika nchi ndogo tatizo la tozo ni kwamba walipaji wakubwa ni wachache, na mmoja akifunga biashara mfuko unayumba. Weka akiba ya mwaka mmoja kwa sheria, na fungu la tozo lilindwe lisimezwe na hazina kuu.

Sehemu ya tozo irudi kwa wanaofundisha wafanyakazi wao, lakini nyingine itengwe kwa karakana zisizolipa tozo kabisa. Vinginevyo benki na kampuni za simu zitarudishiwa fedha kwa semina za uongozi, na fundi seremala hataona kitu.

Mashine za msaada zipokelewe kwa masharti ya maandishi: vipuri vya miaka mitano, mafunzo kwa wakufunzi wawili, na makadirio ya umeme na malighafi itakayotumia. Mfadhili asipokubali, kataa. Mashine isiyo na spea ni samani. Kwenye bajeti yako mwenyewe, angalia kwanza fungu la malighafi za mafunzo, yaani vyuma, mbao, waya, gesi, unga. Mwanafunzi wa kuchomelea anayepewa vijiti vichache kwa wiki anasoma historia ya kuchomelea.

Hatua ya tisa: ngazi ya kupanda

Wazazi hawadharau ufundi kwa ujinga. Wanaona kuwa ukiingia huko hutoki. Mwaka 1992 Singapore iliunda Taasisi ya Elimu ya Ufundi na kuifanya ya baada ya sekondari, ili anayeingia awe amemaliza angalau miaka 10 ya elimu ya jumla na aweze kuendelea mbele akifanya vizuri. Uswisi ilianzisha miaka ya 1990 cheti cha ufundi kinachofungua mlango wa vyuo vikuu vya sayansi tumizi. Kwako inatosha kukubaliana na chuo kikuu kimoja, cha nyumbani au cha jirani, kitenge nafasi za kweli kwa wenye vyeti vya ufundi na kutangaza hadharani wangapi waliingia. Kampeni za redio zinaweza kusubiri hadi nafasi hizo ziwepo.

Hatua ya kumi: fuatilia kila mhitimu

Usichukue sampuli. Wahitimu 900 wanaweza kupigiwa simu wote baada ya miezi sita, na tena baada ya miaka miwili. Maswali manne yanatosha: unafanya kazi gani, inahusiana na fani yako, unapata kiasi gani, na nini hukufundishwa. Chukua namba mbili za simu za kila mmoja siku ya kuhitimu, yake na ya ndugu, kwa sababu namba hubadilika. Wanaopiga wasiwe wakufunzi wa chuo husika.

Kabla ya simu ya kwanza kupigwa, bodi iwe imeshapitisha kwa maandishi kiwango cha kusimamisha kozi, kwa mfano: ikiwa chini ya nusu ya wahitimu wa awamu mbili mfululizo wanafanya kazi ndani ya fani, darasa linalofuata halifunguliwi, na wakufunzi wake wanapangiwa moduli nyingine au zamu ya kurudi kazini. Kiwango kikitungwa baada ya matokeo, mbunge wa jimbo lenye chuo atakuwa ameshafika ofisini kwa waziri.